Wanangu wanaanza shule Lyon: watakula nini, watalala saa ngapi, na hizo kengele za Pasaka ni nini?

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mume wangu yuko Lyon, Ufaransa, anafanya kazi jikoni hotelini, na viza zetu zimeshatoka. Tunasafiri Agosti. Binti alitimiza miaka 7 Februari. Mdogo wake wa kiume atatimiza 4 mwezi wa Novemba. Wifi yangu aliyewahi kuishi huko ananiambia watoto wa Kifaransa hawaendi shule Jumatano, wanakula jibini kila siku, panya huwaletea hela na kengele huwaletea mayai ya Pasaka. Sijui kipi ni kweli kipi ni utani. Naomba nielezwe mtoto wa huko anaishije shuleni, nyumbani na kwenye sikukuu, wanangu wasije wakashangaashangaa. Sisi ni Waislamu."

JIBU:

Dada yangu, wifi yako hakutanii. Yote manne yapo, isipokuwa la Jumatano lina maelezo yake na nitalifikia. Kwa miaka mingi nimezisaidia familia za wageni katika shule za msingi za Ufaransa, na nikuambie jambo moja kabla sijaingia ndani: wazazi wetu wengi hufika huko wakiogopa lugha, kumbe lugha ndiyo watoto wanaipata mapema. Kinachowachosha ni saa na kalenda. Utoto wa Kifaransa umepangwa sana. Kuna saa ya chakula, saa ya kitafunio, saa ya kulala, mwezi wa chapati za maji, siku ya samaki wa karatasi. Na kwa kuwa kila mtu pale amekua nayo, hakuna anayekumbuka kumweleza mgeni.

Tuanze na madarasa. Ufaransa hawaangalii mwezi wa kuzaliwa, wanaangalia mwaka. Waliozaliwa mwaka mmoja wa kalenda, kuanzia Januari hadi Desemba, wote hukaa darasa moja. Kwa hiyo binti yako Septemba ataingia CE1, mwaka wa pili wa shule ya msingi, hata kama hajui neno la Kifaransa. Hawatamrudisha nyuma akakae na watoto wadogo; ataketi na wa umri wake, na saa kadhaa kila wiki atatolewa kwenda kujifunza lugha katika darasa la watoto wageni liitwalo UPE2A, kama liko shuleni kwake au jirani. Kijana wako wa Novemba ataingia mwaka wa kati wa chekechea, yaani maternelle. Hapo usiseme "huyu bado mdogo, nitakaa naye nyumbani": tangu Septemba 2019 elimu ni lazima kwa kila mtoto anayefikisha miaka 3. Maternelle ni miaka mitatu, kisha msingi miaka mitano, kisha collège (sekondari ya chini) minne na lycée (sekondari ya juu) mitatu inayoishia kwenye mtihani wa baccalauréat, ulioanzishwa mwaka 1808 enzi za Napoléon. Huko ni mbali, tuyaache.

Shule nyingi za msingi hufungua geti kama saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na saa mbili na nusu linafungwa. Linafungwa kweli. Sare hakuna katika shule nyingi za serikali (mwaka 2024 chache zilianza kuijaribu), hivyo binti atavaa nguo zake za kawaida. Lakini kila kitu kiandikwe jina: koti, kofia, glavu, chupa ya maji. Desemba ukifika ukakuta makoti ya bluu yanayofanana yamejaa kwenye vining'inizo vya korido, utajua kwa nini.

Chekechea, mtoto anaruhusiwa kuja na doudou wake, yaani kidoli au kitambaa anacholala nacho. Msidharau kitu hiki. Mwalimu atakuuliza doudou yuko wapi kwa uzito uleule anaouliza kadi ya chanjo. Kuna kikapu maalumu cha kuwekea, na mchana wadogo hulazwa kwenye vitanda vidogo kila mmoja na wake. Mwalimu husaidiwa na mtumishi wa manispaa, ATSEM, anayewafunga kamba za viatu, kuwapeleka msalani na kuwafuta mafua. Huyo mshike urafiki; mambo mengi ya mwanao atayaona yeye kwanza.

Binti atakutana na jambo litakalomtesa kwa miezi: mwandiko. Kule mtoto huandika herufi za kuunganisha tangu mwaka wa kwanza, tena kwenye daftari lenye mistari yake ya pekee, ya zambarau na vijistari vyembamba vya bluu katikati, iliyobuniwa na Jean-Alexandre Seyès, muuza vitabu wa Pontoise, mwaka 1892. Kila herufi ina kimo chake: "l" hupanda vijistari vitatu, "t" viwili, "a" hukaa kwenye kimoja. Tarehe huandikwa kila asubuhi, hupigwa mstari kwa rula, na mstari uliopinda huonekana. Mwanzoni utaona ni uonevu. Mnunulie daftari moja la hivyo mapema Agosti, madukani yanajaa wakati huo, aanze kuzoea mkono.

Sasa chakula, kwa sababu najua ndilo ulilolitaka.

Saa tano na nusu hivi masomo husimama, yakaendelea saa saba na nusu. Kwa sheria mapumziko hayo hayapungui saa moja na nusu. Anayeweza humfuata mtoto akale nyumbani. Wengi huwaacha kantini. Mlo wa kantini una hatua zake: kwanza kachumbari au supu, mathalan karoti zilizokunwa na siki na mafuta, kisha chakula chenyewe, tuseme samaki na wali, au nyama na viazi, kisha kipande cha jibini au mtindi, mwisho tunda au kitamtam. Mkate uko mezani muda wote. Kinywaji ni maji ya jagi. Soda hakuna. Chekechea huhudumiwa wakiwa wamekaa, wakubwa mara nyingi hupita na sinia. Wasimamizi huwahimiza waonje kila kitu, japo kijiko kimoja, na mtoto asiyependa haruhusiwi kusema "kibaya". Anafundishwa kusema sikipendi. Menyu ya wiki hubandikwa getini na kwenye tovuti ya manispaa, na wazazi huisoma kwa makini ambayo mimi bado yananichekesha. Bei hutegemea kipato cha familia, kwa hiyo watoto wawili meza moja wanaweza kulipiwa pesa tofauti bila wao kujua.

Ukitaka kujua Wafaransa wanaichukuliaje sahani ya mtoto, chukua kisa cha hapohapo Lyon. Februari 2021, wakati wa Uviko, ofisi ya meya iliamua kwa muda kantini zipike menyu moja isiyo na nyama, ili foleni iende haraka. Samaki na mayai yalikuwepo. Mawaziri wa serikali kuu walitoka hadharani kulalamika, wakulima wakaleta matrekta na ng'ombe mbele ya manispaa. Kwa chakula cha mchana cha watoto! Na ukirudi nyuma zaidi, hadi mwaka 1956 ndipo waraka wa serikali ulipokataza pombe kwenye kantini kwa walio chini ya miaka 14. Kabla ya hapo kulikuwa na watoto waliobeba divai iliyochanganywa na maji kwenye mikoba yao.

Kwa Mwislamu, hali ni hii. Kantini za serikali kwa kawaida hazipiki nyama ya halali. Manispaa nyingi zinatoa uchaguzi wa "bila nguruwe" au "bila nyama", nyingine hazitoi. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala, lilisema Desemba 2020 kwamba manispaa hailazimishwi kutoa menyu mbadala wala haikatazwi. Tangu 2019 kila kantini ya shule lazima iwe na mlo usio na nyama walau mara moja kwa wiki. Ushauri wangu: siku ya kujiandikisha, uliza kama kuna "sans viande", yaani bila nyama, na weka alama hapo. Mtoto atakula samaki, mayai, dengu, jibini. Usimwagize mtoto wa miaka 4 achambue mwenyewe kilicho sahanini; waambie watu wazima, nao wanaandika kwenye orodha.

Saa kumi na nusu geti hufunguliwa, na hapo kuna kitu kinaitwa goûter. Hiki ni kitafunio cha alasiri, cha pekee kwa siku, na mtoto wa Kifaransa anakijua kuliko anavyojua jina la rais. Mzazi anakuja getini tayari na kipande cha mkate wenye vipande vya chokoleti katikati, au tunda la kusagwa kwenye kifuko, au andazi la dukani. Ukija mikono mitupu, mwanao atasimama pale akitazama midomo ya wenzake. Kitumbua kinafaa kabisa, tena kitampatia marafiki. Baada ya hapo hakuna kula hadi chakula cha usiku, kama saa moja na nusu jioni au saa mbili. Tabia yetu ya kumpa mtoto kitu kila anapoomba, kule huonwa kama kumharibu.

Anayefanya kazi hadi jioni humwacha mtoto kwenye huduma ya baada ya masomo, inayolipiwa, ambako hucheza au hufanya kazi za nyumbani. Kuhusu hizo kazi za nyumbani kuna kichekesho: za kuandika zimekatazwa kwa shule ya msingi tangu waraka wa mwaka uleule wa 1956, na bado kila mzazi atakuambia jioni anahangaika nazo. Walimu hutoa za kusoma, za kukariri, maneno ya imla ya Ijumaa, na shairi. Shairi hulikariri mtoto, hulinakili upande mmoja wa daftari, na upande wa pili huchora picha yake. Binti yako anayehifadhi sura chuoni hatapata tabu na kukariri, huko atawapita.

Lakini daftari ninalotaka ulijue kuliko yote ni dogo, cahier de liaison, daftari la mawasiliano. Mwalimu hubandika humo karatasi: kesho safari ya makumbusho, Alhamisi mgomo, leteni masanduku ya viatu matupu, kuna chawa darasani. (Chawa kule si aibu ya mtu, kila darasa lina msimu wao.) Kila karatasi unatia saini, mume wako au wewe. Mzazi asiyetia saini huhesabiwa hajali, hata kama usiku kucha anakesha akimsomesha mtoto. Fungua mkoba kila jioni, piga picha karatasi, tafsiri kwa simu, tia saini. Shule nyingi sasa hutumia pia programu ya simu, ila daftari halijafa.

Nimetaja mgomo. Usiogope. Walimu hugoma, hutangaza mapema, na kwa sheria ya 2008 wakigoma robo yao au zaidi katika shule, manispaa inatakiwa kuweka watu wa kukaa na watoto.

Haya, Jumatano. Kwa karibu miaka mia moja siku ya kupumzika katikati ya wiki ilikuwa Alhamisi, iliyoachwa tangu enzi za waziri Jules Ferry, aliyeifanya elimu kuwa ya bure mwaka 1881 na ya lazima mwaka 1882, ili wazazi wanaotaka waweze kuwapeleka watoto kufundishwa dini nje ya shule. Mwaka 1972 ikahamishiwa Jumatano. Tangu hapo serikali imekuwa ikivutana na wazazi: mwaka 2008 wiki ikawa ya siku 4, mwaka 2013 ikaongezwa asubuhi moja, mwaka 2017 manispaa zikaruhusiwa kurudi siku 4, na nyingi zikarudi. Nyingine zimebaki na Jumatano asubuhi. Kwa vyovyote masomo ni saa 24 kwa wiki. Mume wako aulize shule yenu iko kundi gani kabla hajapanga zamu zake.

Jumatano ndiyo siku mtoto wa Kifaransa anapokuwa mtoto. Ni siku ya judo, kuogelea, muziki, mpira, dansi. Ni siku ya bibi na babu: wazee wengi waliostaafu huwachukua wajukuu siku hiyo, na ndiyo sababu ukienda bustanini Jumatano utaona mvi nyingi kando ya bembea. Asiye na bibi huenda kituo cha burudani cha manispaa, centre de loisirs, kwa malipo yanayofuata kipato. Nafasi hujaa mapema. Na vyuo vya Qur'ani vya vyama vya Waislamu, wakiwemo ndugu zetu Wangazija waliojaa zaidi Marseille, hupanga madarasa Jumatano au mwisho wa wiki kwa sababu hiyohiyo.

Nyumbani utaona tofauti ndogondogo. Kitu cha kwanza anachodaiwa mtoto ni salamu. Asiyesema bonjour kwa mama mwenye duka la mikate, kwa jirani kwenye lifti, kwa dereva wa basi, anaonekana hana adabu, na wewe mama ndiye utakayetazamwa. Kwa mtoto aliyelelewa na shikamoo hili ni jepesi, ila mwambie amtazame mtu machoni anaposalimia. Sisi tumemfundisha kuinamisha macho, na kule hilo husomwa kuwa anaficha jambo.

Chakula cha usiku familia hukaa meza moja, mtoto huulizwa siku yake ilikuwaje, na hainuki mpaka aruhusiwe. Kisha meno, hadithi kitandani, na saa mbili na nusu usiku taa imezimwa. Kiangazi hilo ni kazi, maana Juni jua la Lyon huzama kama saa tatu na nusu usiku. Madirisha mengi yana mbao za kuzuia mwanga. Jino likitoka huwekwa chini ya mto, na panya mdogo hulichukua usiku na kuacha sarafu. Kwetu jino hurushwa paani. Mkubalie panya, gharama yake ni ndogo.

Utakutana na familia za kila aina. Zaidi ya nusu ya watoto Ufaransa wanazaliwa na wazazi wasiofunga ndoa, na darasani mwa binti kutakuwa na mtoto anayeishi wiki hii kwa baba, wiki ijayo kwa mama, ana vyumba viwili na miswaki miwili. Mweleze mapema asije akauliza maswali mazito mbele za watu.

La fimbo ni lazima niliseme wazi. Shuleni haipo. Nyumbani pia, sheria ya Julai 10, 2019 iliandika katika kanuni za kiraia kwamba mamlaka ya wazazi hutumika bila ukatili wa kimwili wala wa kisaikolojia. Mwalimu akiona alama kwenye mkono wa mtoto anawajibika kuripoti. Nimeona baba wazuri kabisa, wapole, wakiitwa ofisini kwa sababu ya kofi walilolitaja wenyewe kwa kicheko. Wafaransa wana njia zao: kumpeleka mtoto chumbani kwake, kumnyima katuni, na sauti kali ambayo si kelele.

Siku za kuzaliwa zina itifaki. Binti ataletewa kadi: Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja. Maana yake saa nane kamili unamfikisha, unaondoka, na saa kumi na moja unamfuata. Mdogo wake hakualikwa, usiende naye. Zawadi ndogo hutosha. Pipi laini za mezani nyingi zina jelatini ya nguruwe. Mwambie mama mwenyeji mlangoni, hatakasirika. Keki huliwa na wote.

Dini sasa. Shule ya serikali haina dini, na wanalichukulia hilo kwa uzito. Sheria ya mwaka 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za wazi za dini, hijabu ikiwemo, na mwaka 2023 serikali ikaongeza abaya. Sheria hiyo inawahusu wanafunzi. Wewe mama unampeleka na kumfuata na hijabu yako, hakuna shida. Siku ya Idi masomo yanaendelea, lakini waraka wa Mei 2004 unaelekeza mtoto aweze kupewa ruhusa kwa sikukuu kubwa za dini. Siku kadhaa kabla, andika mstari mmoja kwenye lile daftari la mawasiliano. Usimfiche kwa kusema anaumwa, maana kesho yake atakuja na hina mikononi.

Na hapa utajiuliza swali ambalo wageni wote hulijiuliza: mbona shule isiyo na dini ina mti wa Krismasi ukumbini? Jibu lao ni kwamba mti, Père Noël (Baba Krismasi) na mayai ya chokoleti ni mila, si ibada. Mimi naona mpaka huo wameuchora pale ulipowafaa wao. Lakini ndivyo ulivyo, na ukiuelewa hivyo utawaacha watoto washiriki michoro na nyimbo za theluji bila moyo kukudunda.

Lyon wana sherehe yao kabla ya Krismasi. Desemba 8 watu huweka mishumaa kwenye vikombe vya kioo vya rangi, huipanga madirishani jioni, na mji wote humeremeta. Chanzo ni mwaka 1852, siku ya kuzindua sanamu ya Bikira Maria kwenye kilima cha Fourvière. Siku hizi ni tamasha kubwa la taa, barabara hujaa hadi huwezi kugeuka. Mshike mdogo mkono. Huko Alsace na Lorraine, mashariki, watoto hupata zawadi zao Desemba 6, siku ya Mtakatifu Nikolasi, ambaye huja na mtu wa kutisha anayewafuata watukutu. Barua za Père Noël zote hujibiwa: posta imekuwa na ofisi yake tangu 1962, na jibu la kwanza aliliandika daktari wa watoto Françoise Dolto, aliyekuwa dada wa waziri wa posta. Sasa ofisi iko Libourne, karibu na Bordeaux. Mtoto huandika, na kadi hurudi nyumbani kwa jina lake.

Januari ndiyo ninayoipenda. Ni mwezi wa galette des rois, mkate wa tabaka wa duara wenye lozi zilizosagwa ndani, na humo huchomekwa kisanamu kidogo cha kauri, fève. Siku ikifika, hata darasani hufanywa hivi: mdogo kuliko wote huingia chini ya meza. Mkubwa hukata vipande, huweka kisu juu ya kimoja na kuuliza, "Hiki cha nani?" Sauti inatoka chini: "Cha maîtresse (mwalimu)! Cha Léo! Changu!" Hivyo hakuna anayeweza kupendelea. Kisha wote hutafuna polepole, wakihofia meno, hadi mmoja anapotoa kisanamu mdomoni, kimepakaa siagi, akavishwa taji la karatasi na kuchagua malkia au mfalme wake. Kijana wako wa miaka 4 huenda akawa ndiye wa chini ya meza. Mfundishe majina ya wenzake.

Zinazofuata zinapita haraka. Februari 2 ni chapati za maji, crêpes, na anayegeuza kwa kuirusha hushika sarafu mkono wa pili kwa bahati. Jumanne kabla ya Kwaresima watoto huja shule wamevaa kama simba na malkia, na Lyon hukaangwa bugnes, vitu ambavyo mtu wa pwani akivionja atasema ni kaimati zilizolala. Aprili 1 binti atarudi na samaki wa karatasi amebandikwa mgongoni, na mkobani ana wengine aliokusudia kukubandika wewe, jifanye hukuhisi. Pasaka, kengele za makanisa hunyamaza tangu Alhamisi Kuu, watoto huambiwa zimeruka kwenda Roma, na Jumapili zikirudi hudondosha mayai ya chokoleti bustanini. Mei 1 huuzwa vishada vya maua meupe, muguet. Mwisho wa Mei ni siku ya akina mama: utapewa mkufu wa tambi zilizopakwa rangi, nawe utauvaa. Juni shule hufanya kermesse, michezo ya kuvua bata wa plastiki na kuangusha makopo kwa mpira, na wazazi huombwa keki za kuuza. Peleka. Hapo ndipo mzazi mgeni anapopata marafiki.

Likizo ni wiki mbili mwishoni mwa Oktoba, mbili za Krismasi, mbili za majira ya baridi, mbili za masika, na Julai na Agosti nzima. Zile za baridi na za masika hupishana kwa kanda tatu ili milima na barabara zisijae. Lyon iko kanda A. Wenye uwezo hupeleka watoto kuteleza kwenye theluji ya Alps, wengine kwa bibi kijijini, wengine colonie, kambi ya watoto. Julai 14, sikukuu ya taifa, ni fataki, na wazima moto hufungua vituo vyao watu wacheze dansi.

Sasa fanya haya. Uandikishaji wa shule ya msingi na chekechea hufanywa manispaa, yaani mairie, ya mtaa mnakoishi, si shuleni. Mume wako aende mapema, Agosti ofisi nyingi huwa na watu wachache. Watataka cheti cha kuzaliwa kilichotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, uthibitisho wa makazi, na kadi ya kliniki. Usiiache Tanga kadi hiyo! Waliozaliwa tangu 2018 wanadaiwa chanjo zisizopungua 11, na zetu hazilingani zote. Za matumbwitumbwi na homa ya uti wa mgongo huenda zikakosekana. Mtoto hakataliwi kwa hilo, hupokelewa na kupewa miezi 3 ya kukamilisha kwa daktari. Manispaa itakupa karatasi, hiyo ndiyo unampelekea mkuu wa shule. Na siku hiyohiyo ulizia mambo matatu kwa pamoja: Jumatano, menyu bila nyama, na nafasi ya kituo cha burudani.